Mawingu Saba Yasiyo na Kivuli

Nilikabidhi funguo za ofisi yetu ya ramani mwezi uliopita, pamoja na lile kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu haijafungika vizuri tangu vita. Mlinifanyia karamu, mkasema maneno mengi ambayo nusu yake hayakunihusu, nami niliyapokea yote kwa sababu samaki walikuwa watamu. Kesho yake Kavira akanipigia simu. Kwa wasiomjua, Kavira ni mdogo wa wote pale ofisini, na ndiye mwenye macho makali kuliko wote. Alikuwa akipanga picha zetu za zamani za satelaiti, akakuta moja ya miaka ya vita ya pili iliyomkosesha raha.

"Mama Kahambu, hapa magaribi ya Manguredjipa niko naona mawingu saba," alisema. "Mais lakini haina kivuli. Ni namna gani?"

Nikamwambia nitajibu kwa maandishi, na nitawajibu wote. Ila siwezi kuanzia kwenye mawingu, kwa hiyo mnivumilie. Miaka mingi nimewasubiri nyinyi mmalize kuchapa ripoti, sasa ni zamu yenu kusubiri.

Ofisi ilikuwa palepale Mususa, hapa Butembo, mnapoijua, lakini wakati ule tulikuwa tumebanwa kati ya fundi wa baiskeli na seremala. Nilifika na cheti changu cha kilimo mkononi, nikijiona najua kila mti kati ya Lubero na Beni. Mkubwa wa kazi alikuwa Papa Paluku, mchora ramani aliyeanza na picha zilizopigwa kutoka ndegeni, kabla ya satelaiti kumfikia. Alivaa sweta ya kijani asubuhi na mchana, mvua na jua, na juu ya sikio alichomeka penseli mbili, nyekundu na nyeusi. Hakunikaribisha kwa hotuba. Alinitandikia picha kubwa mezani akaniuliza naona nini.

Niliona msitu mzima mwekundu. Nikamwambia mashine ya kuchapa imeharibika.

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanieleza jambo ambalo nimelieleza kwa wanafunzi maisha yangu yote. Satelaiti ina jicho linaloona mwanga ambao sisi hatuuoni. Jani lenye afya hurudisha mwanga huo kwa wingi, na sisi tunauchapa kwa rangi nyekundu ili macho yetu yaushike. Wekundu uliokolea ni msitu, wekundu hafifu ni majani yaliyochoka, maji ni meusi, udongo uliolimwa ni buluu yenye kijivu, na wingu ni jeupe. Wiki nzima baada ya hapo nilitembea Butembo nikiona mikaratusi yote kama imewaka moto. Ile wiki naikumbuka kwa furaha kuliko vyeo vyote vilivyofuata.

Vifaa vyetu vingewachekesha. Tulikuwa na lenzi ya mkono, karatasi angavu za kunakilia, penseli za rangi, na kompyuta moja iliyovikwa kitambaa kama mgonjwa. Jenereta tuligawana na seremala, na kila alipowasha randa yake, kompyuta ilizimika. Tukapatana saa: asubuhi yeye apige randa, mchana sisi tutazame msitu. Picha zenyewe zilitumwa na wenzetu wa nchi za nje kwenye diski, zikafika Beni kwa ndege zimeviringishwa ndani ya vitenge vya mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Alilalamika kila mara kwamba diski zetu zinamkunjia mzigo, na kila mara alizibeba. Barabara ya Beni ikifungwa, tulikaa bila picha, Papa Paluku akituchongesha penseli ambazo tayari zilikuwa zimechongoka.

Alinifundisha mambo mawili ambayo bila hayo hamtaelewa yaliyobaki.

La kwanza lilikuwa wingu. Katika ramani yangu ya mwanzo kulikuwa na wingu kubwa katikati ya msitu, nami nikakisia kilichokuwa chini yake, nikapaka wekundu safi ili kazi ipendeze. Papa Paluku aliona. Alichukua ufutio akafuta mpaka karatasi ikachanika.

"Ulifika pale?" aliniuliza. "Hapana. Uliona? Hapana. Donc, basi andika: sijui."

Tangu siku ile, mahali pa wingu katika ramani zetu pameandikwa neno hilo. Wageni walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa hofu ya ufutio wa Papa Paluku.

La pili lilikuwa kingo. Alinipeleka Masereka kwa miguu kulinganisha picha na ardhi, jambo la kuchekesha kidogo, kwa sababu mimi nimezaliwa Masereka na yeye vilevile. Lakini sikuwahi kuitazama nyumbani kwetu kwa macho ya kazi. Kule kwenye miteremko mtu halimi kabla hajavuta kamba. Anapiga kigingi huku na huku, anavuta kamba, mstari unanyooka, ndipo jembe linaingia. Dada yangu mkubwa, Masika, alinirudisha nilime upya tuta zima nilipokuwa na miaka minane kwa sababu lilipinda kwa upana wa kiganja. Kule chini kwenye msitu wa magharibi watu hulima vingine: wanazunguka miti mikubwa, wanaacha visiki, na shamba linatoka na umbo la uji uliomwagika. Ukiwa juu angani, shamba la Masereka ni kisanduku. Nyinyi leo mna kitufe cha kulainisha kingo, mkikibonyeza mashamba yote yanakuwa mayai. Papa Paluku angewatoa nje.

Kisha vita. Ya kwanza ilitufungia ofisi kwa wiki kadhaa, ikapita. Ya pili ilikuja ikakaa. Kila baada ya miezi tulikuwa na mkubwa mpya mjini, na kila mkubwa alikuja na mhuri wake. Sisi tuliendelea kupokea diski, na katika diski hizo niliona jambo la ajabu: vilima vya Lubero vilizidi kuwa vyekundu. Mwenzetu mmoja wa nje akaandika barua ya furaha, kwamba mimea inarudi. Nikamjibu kwamba hiyo si misitu, ni magugu katika mashamba ambayo wenyewe wamekimbia. Akaniomba ushahidi. Nikamwandikia kwamba ushahidi umelala sebuleni kwangu, watu kumi na mmoja, na mmoja wao anakoroma.

Masika hakuwa kati ya hao kumi na mmoja. Yeye na mume wake Kasereka walikuwa wameshuka kutafuta ardhi upande wa Manguredjipa, maana kwetu juu ardhi imekwisha. Mapigano yalipofika kijiji chao, walitoweka pamoja na majirani wote waliotoka Masereka. Ilipita miezi minane bila salamu. Mama yangu aliacha kuniuliza, na kule kutouliza kwake kulinichoma kuliko maswali.

Siku moja mchana ikafika picha safi, karibu bila wingu, kitu ambacho msitu ule hukupa mara moja kwa miaka. Nilikuwa nikitembeza lenzi juu ya skrini, ndani ya wekundu mzito, mbali na kila barabara, nikaona vidoa saba vya buluu hafifu. Vilikuwa vidogo, nukta nne au tano za picha kila upande. Nikajua ni watu wamelima. Kisha nikaona kwamba vilikuwa na pembe.

Vilikuwa visanduku. Watu wamekimbia risasi, wamejificha ndani ya msitu ambamo hakuna wa kuwaona, na bado wamevuta kamba kabla ya kulima. Nilicheka peke yangu, machozi yakashuka, nikamwita Papa Paluku. Akatazama muda mrefu.

"Hii ni batu ya kwetu," alisema. Halafu akaweka lenzi chini. "Mais Kahambu, kama siye tunabaona, na mwengine atabaona."

Huyo mwingine alikuja kabla ya wiki kwisha, asubuhi, randa ya seremala ikilia. Alikuwa kamanda wa wale walioshika mji wakati huo, kijana kuliko mimi, mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyonitisha. Alikuwa amesikia kwamba Mususa kuna mashine inayotazama kutoka juu.

"Mama, ile machine yenu inaonaka batu?"

"Hapana, afande. Inaonaka majani tu."

Alitabasamu. "Mais majani inapandwaka na batu."

Katika miaka yangu yote ya kazi, sijasikia mtu akieleza fani yetu vizuri hivyo kwa maneno machache. Alitaka picha ya msitu wa magharibi, ichapwe kubwa, na mashamba mapya yote yazungushiwe mstari. Kwake, kila aliyejificha msituni alikuwa analisha adui. Alitupa siku tatu, akaacha askari wawili mlangoni kwa usalama wetu, kama alivyosema, na akaongeza kwamba ana mtu wake aliyesomea upimaji, ndiye atakayekagua. Kwa hiyo kutochora tu hakungesaidia. Picha ingekuwa mbele yao na visanduku vyangu saba ndani yake, na mtu yeyote mwenye kusoma angeviona.

Sikumwomba Papa Paluku ruhusa, niliogopa angekataa. Kila mchana jenereta ilipokuwa yetu, nilikata nukta nyeupe kutoka kwenye wingu la kweli la kona nyingine ya picha, nikazibandika moja moja juu ya mashamba ya watu wetu. Nilitengeneza mawingu saba, kila moja na umbo lake, na nilijitahidi kuyachakaza kingo. Nikahifadhi juu ya ile picha ya awali ili wakiomba kompyuta wasikute nyingine. Siku ya tatu nikachapa kwa wino wa mwisho tuliokuwa nao, nikamwonyesha Papa Paluku. Nilimwogopa yeye kuliko kamanda.

Alijua mara moja. Hakusema neno juu ya uongo. Alishika lenzi, akapitia mawingu yote saba, kisha akauliza, "Kivuli iko wapi?"

Satelaiti hupita asubuhi, jua likiwa mashariki, na kila wingu huangusha kivuli chake cheusi upande wa magharibi. Mtoto wa mwaka wa kwanza anajua. Mawingu ya kweli ya picha ile yote yalikuwa na vivuli, yangu yalielea bila kitu, na wino ulikuwa umekwisha.

Papa Paluku alitoa penseli nyeusi juu ya sikio. Akaichonga polepole. Akapima kwa rula umbali wa kivuli cha wingu la kweli, kisha akachora kivuli cha kwanza, akakipaka kwa ncha ya kidole kikalainika, akaenda kwa cha pili. Yule yule aliyechana ramani yangu kwa sababu ya wingu moja. Nilisimama nyuma yake nikilia bila sauti ili askari wasisikie. Alipomaliza cha saba, akaandika chini ya kila wingu "sijui" kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akasaini karatasi yote kwa jina lake. Nikamwambia kazi hii ni yangu, nisaini mimi.

"Wewe uko na batoto," alisema, akafunika kalamu.

Kamanda alirudi na mtu wake wa upimaji, mwanamume mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Yule mtu aliinamia picha. Alipitisha kidole msituni, taratibu, kutoka mashariki kwenda magharibi, na kidole kikapita juu ya kivuli kimoja. Alipokiinua kilikuwa cheusi kwa unga wa penseli. Alikitazama kidole chake. Akamtazama Papa Paluku, ambaye naye alimtazama bila kupepesa. Nilihesabu misumari ya mlangoni. Kisha yule mtu akafuta kidole kwenye suruali.

"Afande, huku iko mawingu mingi," alisema. "Haionekane kitu."

Kamanda akaiacha karatasi mezani, wakaondoka. Sikuwahi kujua jina la yule mpimaji. Mara nyingi nimetamani kumshika mkono.

Ningependa kuishia hapo, na wengine wangeishia hapo. Lakini miezi michache baadaye watu wa misaada walituita Beni. Walitaka kujua wapeleke wapi dawa, wapi msituni kuna watu. Niliwapelekea picha mkononi, na picha niliyokuwa nayo ilikuwa ile yenye mawingu. Ningeweza kusema kwa mdomo. Lakini ukumbi ulijaa watu nisiowajua, na baadhi yao walikuwa na viatu vya jeshi chini ya suruali za kiraia. Nikakaa kimya. Mmoja aliniuliza palipoandikwa "sijui" pana nini. Nikajibu kwamba sijui.

Masika alitoka msituni mwaka uliofuata, kwa miguu, na watoto watatu na kikapu cha maharagwe ya mbegu kichwani. Kasereka hakuwa naye. Homa ilimchukua huko huko. Masika alisimulia kwamba walisikia watu wa dawa wamefika Manguredjipa, wakasubiri, hawakuona mtu. Alisimulia bila kumlaumu yeyote. Nilimkumbatia, na neno moja sikulitoa. Nilikuwa nimewaficha wasionekane na wenye bunduki, na nilikuwa nimewaficha wasionekane na wenye dawa, kwa mawingu yale yale. Nimebeba jambo hilo ofisini kila siku mlipokuwa mnaniamkia.

Papa Paluku alirudi kuzeeka Masereka, akafa kitandani mwake amani ilipokuwa imerudi kwa kiasi chake. Sikumsikia akitaja vile vivuli hata mara moja. Mke wake alinipa zile penseli mbili.

Sasa, Kavira, jibu lako. Kwenye karatasi vivuli vilikuwepo, vya penseli. Ndani ya kompyuta havikuwepo, kwa sababu niliyatengeneza mawingu hayo mimi na nikasahau. Wote mliohesabu msitu wa mwaka ule kwa picha hiyo mmehesabu uongo wangu, na nawaomba radhi. Lakini ile diski ya asili haikupotea. Papa Paluku aliizungushia kipande cha kitenge akaisukuma nyuma ya droo ya tatu, nikimwona. Mmeipaka mafuta droo ile miaka yote na mkamtukana aliyeitengeneza.

Nilimpigia Kavira simu nikamwambia ilipo, na Jumamosi aliitoa, akaja nayo nyumbani kwangu pamoja na laptopu na kisomea diski. Masika, ambaye siku hizi anakaa kwangu, alikuwa anachambua maharagwe. Nikaona nikiahirisha tena nitakufa na siri hii. Nikamwambia Masika yote mbele ya Kavira: kamanda, mawingu, Beni, ukumbi, na kwamba niliulizwa nikajibu sijui. Aliendelea kuchambua. Kavira akainuka kujifanya anatafuta maji.

"Batu ya bunduki hawakufikaka kule," Masika akasema mwishowe. "Hata siku moja. Tulikuwa tunajiuliza ni juu ya nini, ni sababu gani."

Akaweka ungo chini, akasogea kwenye skrini. Picha ilikuwa imefunguka, wekundu uleule niliouona siku ile, na visanduku saba havina wingu juu. Nilimweleza namna ya kusoma, lakini hakunihitaji. Alitafuta mstari mweusi wa kijito chao, akahesabu kwa kidole.

"Hii ni ya kwangu. Angalia, imenyooka." Kidole kikahama kwa kisanduku cha pembeni yake, ambacho upande mmoja ulikuwa umekwenda mshazari kama nukta mbili. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati. "Na hii yenye kupinda ni ya Kasereka. Nilimwambiaka avute kamba. Akasema huku porini nani atatuona."

Basi, wenzangu, rekebisheni ile picha. Ondoeni mawingu yangu yote saba, rudisheni ya kwenye diski, na palipoandikwa "sijui" andikeni mashamba ya maharagwe. Lakini mtakapofika kwenye lile shamba la pili kutoka kijitoni, nawaomba, msibonyeze kile kitufe chenu. Liacheni limepinda.